Kibano Nilichokiachia

Nakumbuka asubuhi moja ya kiangazi hapa Gudele, Juba, mwanangu, na kila nikiikumbuka hasira inanipanda mpaka kichwani. Sehemu ya hasira hiyo ni ya kujikasirikia mwenyewe. Sehemu nyingine ni ya kukukasirikia wewe, na leo utaisikia yote.

Jana nilionyeshwa picha yako kwenye simu. Umesimama kando ya pampu ya kambi ya Mangateen, umeshika spana kubwa, unatabasamu, na chini yake umeandika kwamba unajitolea kwa ajili ya jamii. Mimi nilikuwepo. Spana hiyo hukuigeuza hata mara moja. Wenzako walifika saa moja, wewe ukafika saa tatu, ukauliza vyeti vitatolewa lini, ukapiga picha, ukapanda boda boda ukaenda zako. Kazi uliyopangiwa ikakosa mtu, na pampu hatukuweza kuifungua. Nilinyamaza kwa sababu watu wa kambi walikuwa wanatuangalia na jerikeni zao tupu. Leo sinyamazi.

Kaa hapo. Sisemi haya kwa sababu mimi ni mtakatifu. Nayasema kwa sababu nilikuwa mbaya kuliko wewe.

Nilirudi Juba kutoka Kenya baada ya amani, mwanamke wa miaka ishirini na sita, sekondari nimemaliza, Kiswahili kimenyooka, na Kiingereza nakipenda kuliko chakula. Kazi hakuna. Gudele wakati huo ilikuwa vichaka na nyumba chache, na pampu moja ya mkono ambayo watu wote wa upande wetu waliitegemea. Ilitunzwa na majirani waliojitolea, na kiongozi wao alikuwa Mama Keji, mwanamke mfupi aliyejifunza kutengeneza pampu akiwa mkimbizi Uganda. Nilijiunga nao nisikae bure nyumbani, na pia, nikisema kweli, ili nionekane.

Mama Keji alikuwa na Kiswahili chake cha Uganda, cha mimi iko na wewe iko. Nikifika nyumbani nilikuwa namwiga ili dada zangu wacheke. Mtu ananifundisha ufundi bila kuniomba hata majani ya chai, na mimi namcheka anavyosema. Ujinga wangu ulianzia hapo. Wa kwako naona umeanzia hapohapo, maana nimesikia mnavyomwita fundi wenu mzee wa matope, mkidhani hasikii.

Kazi yenyewe ungeijua kama ungebaki. Mabomba ya chuma yameungana ndani ya kisima, moja chini ya jingine, mpaka kwenye maji. Ukitaka kubadilisha mpira uliochakaa huko chini, unayavuta yote juu na kuyafungua moja moja. Fundi anapofungua lililotoka, kibano cha chuma kinayashika yaliyobaki yasirudi kisimani, na kibano hicho kina mtu wake anayeshikilia mpini. Mtu huyo hana kazi nyingine duniani. Mama Keji alimpa amri moja tu: mikono miwili, mpaka yeye aseme kalas, imekwisha.

Asubuhi hiyo mtu wa kibano nilikuwa mimi. Tulikuwa tumetoa mabomba mawili, manane bado yananing'inia, gari jeupe likafika. Walikuwa wageni wa shirika fulani waliokuja kuona kazi ya majirani, na walikuja na kamera na fulana za njano. Mmoja akainua fulana, akauliza kwa Kiingereza nani ataongea nao. Mwenye Kiingereza nilikuwa mimi. Nikaitazama mikono yangu yenye grisi, nikaitazama kamera, nikajiambia kibano kimeshika, dakika moja haina neno. Nikaachia.

Nilikuwa nimeingiza mkono mmoja kwenye fulana niliposikia chuma kikikwaruza chuma. Haukuwa mlio mkubwa. Mabomba manane yalishuka yote kisimani, na Mama Keji akabaki amekaa kwenye matope, vidole vyake viwili vinatoka damu. Wale wageni walipiga picha mbili tatu, wakasikitika, wakaondoka. Fulana waliniachia. Mpaka leo nikiliona gari jeupe linasimama mahali watu wanafanya kazi, damu yangu inachemka, ingawa najua kosa lilikuwa langu.

Mama Keji alijifunga vidole kwa kitambaa chake cha kichwa, akanigeukia.

"Mimi iko hapa chini na mikono yangu yote," akasema. "Wewe iko wapi?"

Nikamjibu kwamba wageni waliniita. Nikaanza na maneno mengi ya shule.

"Wacha. Hii mabomba ikikwama huko, kisima imekufa. Watu yote hii itakunywa wapi?" Kisha akanipa adhabu ambayo sijawahi kuisikia kwingine. "Vaa nguo yako ya njano. Kaa hapa kwa pampu. Kila mama anakuja na jerikeni, uliza jina yake, omba yeye msamaha na jina yake. Usiseme pampu imeharibika. Sema, mimi ndiyo niliachia."

Nilimchukia, sikufichi. Nilikuwa mtu mzima, na ananisimamisha kama mtoto aliyeiba sukari. Lakini nilisimama. Wengine walinitukana pamoja na wazazi wangu. Bibi mmoja alitema mate chini, akaenda bila kunitajia jina. Wengine waliitazama fulana yangu mpya wakacheka, na kicheko hicho kiliniuma kuliko matusi.

Mchana akaja jirani mmoja mjamzito, miezi minane, jerikeni mkononi. Nikamwambia, mimi ndiye niliyeachia. Hakunitukana. Aliitazama pampu, akaitazama njia ya Munuki, kulikokuwa na pampu nyingine, na jua lile unalijua. Akaniuliza kama kesho itakuwa tayari. Nikasema sijui.

"Malesh," akasema. Yeye ndiye aliyenipa pole. Kisha akaanza kutembea.

Nilitamani anipige. Nilipomuuliza jina alikuwa ameshafika barabarani, akanijibu bila kugeuka kwamba anaitwa Poni. Ndiyo, mwanangu. Alikuwa mama yako, na tumboni ulikuwa wewe. Hajawahi kukuambia kwa sababu ndivyo alivyo.

Nilimkimbilia nikamnyang'anya jerikeni. Tangu siku hiyo nilikuwa nashinda asubuhi kisimani na mchana kwenye njia ya Munuki. Mama Keji alimwendea fundi wa kuchomelea akatengenezewa ndoano ya chuma, tukaazima kamba ndefu kwenye duka la Msomali mmoja, tukawa tunayavua yale mabomba kwa kubahatisha, hatuoni kitu. Siku ya saba ukazaliwa wewe, na kisima bado hakijatoa tone. Siku ya kumi na moja ndoano ikashika.

Vijana walipoanza kuvuta, nilirudi nyuma. Nilijua kibano atapewa mwingine. Mama Keji akanyoosha kidole kilichofungwa kitambaa, akanionyesha mimi.

"Mikono mbili," akasema.

Nilishika mpaka mabega yakafa ganzi. Bomba la mwisho lilipotoka akasema kalas, na hata hapo sikuachia mpaka alipokuja kunibandua vidole kimoja kimoja. Fulana ya njano niliikata vipande vya kufutia grisi. Mama Keji akaendelea kunifundisha mpaka nikajua pampu nzima, na ufundi huo ndio unaonilisha mpaka leo. Wale wanawake niliowauliza majina kwa aibu ndio waliokuja kunifulia nilipougua, na ndio waliokaa na mimi mume wangu alipofariki. Hakuna hata mmoja niliyekutana naye kwenye picha.

Sasa nisikilize, na usiangalie simu. Ukisema unajitolea, kuna mtu amekwisha kukuamini. Fundi ameweka vidole vyake chini ya chuma kwa sababu wewe umeshika juu. Mwanamke fulani amepanga siku yake akijua maji yatakuwepo. Ukiondoka kabla ya kazi kwisha, unawaachia wao maumivu, na wewe unabaki na picha. Kwa hiyo ukifika, fika mapema. Mheshimu anayekufundisha, hata kama unamshinda kwa lugha na kwa viatu. Waulize watu majina yao kabla hujakosea, usingoje kuyauliza kama mimi. Na ukikosea, kaa palepale useme kwa mdomo wako kwamba ni wewe. Cheti watakupa siku wakitaka, na kama hawakukupa, utakuwa umejua kazi.

Kesho saa moja asubuhi tunarudi Mangateen kutoa mabomba. Kibano nimemwambia fundi ni chako. Simu utamwachia mama yako, na ukimwona hapo nyumbani muulize habari za fulana ya njano. Bado nimekukasirikia, usidhani yamekwisha. Lakini maji uliyoogeshwa siku ya kwanza ya maisha yako niliyabeba mimi kichwani kutoka Munuki, na kule kambini kesho kutakuwa na mwanamke mwenye tumbo kubwa amesimama na jerikeni, akikutazama mikono.

Mungu akupe mikono inayoshika mpaka mwisho. Akupe watu watakaolijua jina lako bila kuliona limeandikwa popote, na akuepushe na siku ya kumwambia mtu mwenye kiu kwamba ni wewe uliyeachia. Haya, nenda ukalale mapema.