Nilivyozilaza Bendera za Marehemu kwenye Tope

Hili sijawahi kulisimulia vizuri, na nyie mnaocheka kabla sijaanza, chekeni tu, maana mimi mwenyewe nikilikumbuka hadi leo natafuta pa kuficha uso.

Nilikuwa kwenye ghala moja kule Rexdale, Toronto, enzi za simu za kubofya, na pale tulipokuwa tukifunga maboksi alikuwepo dada wa Kitibeti, Dolma, mpole, mcheshi, na (nisiwafiche) nilimpenda mpaka nikawa naomba shifti za Jumapili ambazo kila mtu anazikimbia. Naye alinipenda. Ugumu ulikuwa kwa baba yake. Mzee yule alikulia ukimbizini India, akahamia Toronto, na kila kiangazi huwakusanya ndugu na baiskeli zao za milimani wakaenda vilima vya kaskazini, kwa sababu anasema tambarare inamzeesha. Dolma akaniambia, "Njoo Jumamosi. Akishakuona unapanda naye, nitamweleza habari zetu."

Kupanda nilipanda, kwa baiskeli ya kuazima, nimekulia Moshi miye. Juu tukamkuta bibi yake Dolma, aliyeletwa kwa gari upande wa pili, ameketi kwenye zulia, na ndugu wanafunga mitini kamba ndefu yenye bendera ndogo za dua, za rangi rangi. Zilikuwa za babu, aliyefariki wakati wa baridi. Upepo ukizipiga, Dolma akaninong'oneza, dua zinasambaa. Wakanipa unga wa shayiri iliyokaangwa, unaufinyanga na chai kwa vidole, ugali kabisa, nikajiona nimeshakuwa mkwe.

Halafu chai yenyewe. Ina siagi na chumvi, jamani, kama supu iliyokosa nyama! Sasa mimi nimelelewa kwamba ukibakiza kikombeni umemdharau mwenyeji, kwa hiyo nikabana pumzi, nikamaliza. Bibi akajaza. Nikamaliza. Akajaza tena anatabasamu, nami namaliza, naye anajaza, Dolma yuko kwenye kamba na baba yake wala hanioni. (Kumbe kwao kikombe cha mgeni hakiachwi kitupu, ukitosheka unakiacha kimejaa, basi. Ningejuaje?)

Mzee akaniita, "Twende, nikuonyeshe njia ya kushukia." Ningekataaje? Njia inaanzia pale pale chini ya bendera, imejaa mizizi, na mzizi wa kwanza tu ulivyonirusha, siagi ikanipanda kooni, nikaona giza, nikabana breki ya mbele, nikaruka juu ya usukani na kudaka nilichokiona. Kamba. Ikakatika. Bendera zote zikalala kwenye tope, nami juu yake, na hapo hapo chai yote ikatoka.

Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka. Bibi ndiye aliyekuja, akanishika kichwa, akanifuta mdomo kwa aproni yake huku akinibembeleza kwa lugha yao, na wema ule uliniuma kuliko magoti. Mzee alikuwa anaokota bendera mojamoja.

"Nisamehe, mzee," nikasema.

"Umeumia?"

"Hapana."

"Basi kakae kwenye gari." Hakuniangalia.

Walivyonishusha kwangu, Dolma akanifuata mpaka mlangoni. "Kwa nini hukuiacha tu ile chai?"

"Niliogopa kumuudhi bibi."

"Ungeniuliza. Si nilikuwa pale pale?"

Kazini nikamuuliza Dolma baba yake amesemaje. "Hajasema kitu," akajibu, akaendelea kufunga maboksi, na kuhusu kumweleza habari zetu hakunitajia tena. Haukupita muda akahamia shifti nyingine.

Basi tangu siku ile niliapa: nikikaribishwa kwa watu, kabla sijagusa kitu nauliza, "Kwenu mnafanyaje?" Nauliza hata kwa Wachaga wenzangu, wananiona mshamba. Na wanione. Dolma, niliyeona haya kumuuliza nisije nikaonekana mshamba mbele yake, alihamia Calgary, akaolewa huko, na habari zenyewe nilizisikia kwa watu.