Mtungi Haufumiwi Kitambaa

Navalayo alikuwa amekaanga mandazi katika duka moja la mikate pale Lubao kwa miaka kumi na mmoja, na kwa miaka yote hiyo hakuna aliyemsikia akiomba radhi kwa kosa lisilo lake. Watu walisema ana kichwa kigumu. Yeye alijibu kwamba afadhali kigumu kuliko kilichoungua.

Ugomvi wake na Milcah, mwenye duka aliyeishi papo hapo nyuma ya duka, ulianzia kwenye kitambaa. Nyumba za huku kwetu unazijua: kiti kina kitambaa, redio ina kitambaa, hata birika lina chake. Basi mtungi wa kuzimia moto ulipoletwa, mwekundu na mpya, Milcah aliona haya kuuacha uchi. Akaufumia gauni la uzi mweupe, akalikaza kwa riboni shingoni, akausimamisha chumba cha wageni kando ya televisheni. Wageni wakausifu. Jikoni, kwenye gesi na karai la mafuta, hakukuwa na kitu cha kuzimia moto.

Navalayo alikuwa amefundishwa kuutumia. Ilikuwa siku moja tu, lakini aliushika kwa mikono yake. Kwa hiyo kila asubuhi aliuvua gauni na kuuweka karibu na mlango wa jikoni, na kila jioni Milcah aliurudisha na kuuvalisha. Mwishowe Milcah akamwambia kwamba siku atakayougusa tena, asirudi kazini. Navalayo alikuwa na binti wa sekondari. Akajikaza siku mbili bila kuugusa, na siku hizo mbili zinamuuma mpaka leo.

Siku ya tatu karai likashika moto. Joash, mkandaji wa unga, akanyakua ndoo ya maji.

"Joash, weka hiyo ndoo chini," Navalayo akamwambia. "Mafuta ikiwaka haimwagiwangi maji."

Alifunga gesi, akawatoa wote nje, akakimbilia chumba cha wageni. Riboni ilikuwa imefungwa mafundo matatu juu ya pini ya kufungulia mtungi. Akayakata kwa meno, gauni likachanika, huku dari la jikoni likianza kuwaka. Aliporudi alisimama hatua tatu kutoka kwenye karai, mlango wa nje ukiwa mgongoni ili aweze kukimbia moto ukimshinda. Akavuta pini, akalenga chini ya ndimi za moto, akabana kishikio, akapepea mdomo wa mpira huku na huku. Moto ukafa. Hasira yake ilizidi woga.

Milcah alipofika, aliliona gauni lililochanika kabla ya kuliona dari. Akamtaka Navalayo aombe msamaha kesho yake asubuhi mbele ya wenzake, la sivyo aende nyumbani.

Asubuhi ilikuwa ya soko, na wateja walikuwa wamejaa dirishani. Navalayo alifika mapema, akakaa juu ya gunia la unga, akakunja mikono.

"Siombi, Madam," akasema. "Na hiyo mtungi ijazwe kwanza. Ukishaibana hata mara moja, huwezi kuitegemea tena, hata ikibaki nzito. Bila hiyo mimi siwashangi jiko."

Milcah akamwonyesha mlango. Joash akavua aproni, akaketi kando ya Navalayo. Wafanyakazi wawili wa oveni nao wakaketi. Wateja wakagonga dirisha, hakuna aliyenyanyuka. Milcah akalitazama dari jeusi, kisha akatoa simu akampigia fundi wa kujaza mitungi.

Kufikia saa saba mtungi ulikuwa umejazwa na kutundikwa ukutani, karibu na mlango wa jikoni, ukiwa uchi. Milcah hakusema pole. Alikuja na gauni lake, ameshalishona palipochanika, akaliweka mezani.

Navalayo akalichukua, akalikunja mara nne, akalitumia kushikia mpini wa karai lililokuwa limeanza tena kuchemka.