Koti Juu ya Sufuria

Nikinusa kitunguu kwenye moshi wa kuni, namkumbuka shangazi, fundi cherehani, aliyetupeleka kupiga kambi mlimani kila likizo. Sufuria aliibeba mwenyewe. Vitunguu alivikatia kiganjani, vyembamba kama uzi, huku akiimba kwa sauti ya puani. "Njaa ya mlimani haidanganywi kwa biskuti," alizoea kusema.

Jioni moja mvua ilitushukia maharage yakiwa bado hayajaiva. Sisi tulikimbilia hemani. Yeye alivua koti lake la mvua, akalishika juu ya sufuria kama paa, akalowa chapachapa.

"Shangazi, utaugua!"

"Mimi nitakauka. Maharage yakiharibika mtakula nini?"

Tulikula ya moto, tukaramba vidole. Yeye alijipakulia mwisho, meno yakigongana, akauliza, "Chumvi imekolea?"