Panya wa Kunipa Meno

Nilipokuwa mtoto wa darasa la kwanza, jogoo wa jirani alimeza jino langu la mbele, na kwa karibu miezi miwili niliishi nikijua kwamba sitaota jingine mpaka nife. Leo nikiwasimulia wenzangu kazini wanacheka, nami nacheka nao. Wakati ule halikuwa jambo la kuchekesha hata kidogo.

Kwetu, milimani juu ya mji wa Mbinga, mtoto aking'oka jino alilirusha juu ya paa la nyasi na kumwambia panya alichukue hilo bovu, amletee zima. Kwa nini panya? Bibi yangu, mama yake Baba, alikuwa na jibu lililonyooka. Meno ya panya hayaachi kukua. Anatafuna kutwa kucha ili yapungue, na bado yanakua. Mwenye cha ziada ndiye anayeombwa, sivyo? Nimesoma kiasi changu tangu siku zile, na sijakutana na hoja safi kuliko hiyo.

Tatizo lilikuwa mabati. Ilikuwa miaka ile wanunuzi binafsi wa kahawa walipoanza kupanda milimani na malori yao, wakilipa papo hapo, na kila mwanamume mwenye mibuni ya maana akaanza kuota paa linalong'aa. Baba aliota, akaamka, akajenga. Nyumba ya matofali ya kuchoma, sakafu ya saruji, mabati ambayo jua likiyapiga uliyaona ukiwa mlima wa pili. Bibi alipewa chumba cha mwisho, chenye mlango wake mwenyewe na dirisha la waya wa mbu. Kijumba chake cha nyasi, alichoishi na Babu mpaka Babu alipofariki, kilibomolewa wiki hiyo hiyo ili ua upendeze. Watu walikuja kumpongeza Baba kwa kumtunza mama yake, na Bibi alimshukuru mbele yao wote.

Basi jino liliponing'oka nililirusha juu kama nilivyofundishwa. Liligonga bati, likateleza, likarudi chini. Nikarusha tena, likarudi. Mara ya tatu lilidondoka miguuni pa jogoo, na yule mjinga akadhani ni punje ya mahindi.

Nililia mpaka Bibi akatoka na mwiko mkononi.

"Kuna nini, mke mwenzangu?"

Ndivyo alivyoniita siku zote, kwa utani wa bibi na mjukuu. Jina langu la ubatizo, Skolastika, alisema linamchosha taya. Nilipomweleza, uso wake ukabadilika.

"Jogoo," alisema polepole. "Wewe umewahi kumwona kuku mwenye meno?"

Sikuwahi. Na mtoto ambaye jino lake limemezwa na kuku, alisema Bibi, hubaki hivyo hivyo kama huyo kuku. Sikuhitaji maelezo zaidi. Shuleni nilikwisha kuanza kuitwa Kibogoyo, na kila niliposimama kusoma neno lenye "s" darasa zima liliinama kucheka. Wiki zikapita. Kila asubuhi nilipitisha ulimi kwenye lile pengo kabla hata ya kufumbua macho, na kila asubuhi hapakuwa na kitu.

Kisha jino la pili, jirani ya lile, likaanza kulegea. Bibi akasema hiyo ndiyo bahati yetu. Hili lazima limfikie panya mwenyewe, na akilipokea atalipa na la mwenzake. Lakini panya wetu wote walikuwa wameondoka na nyasi zao. Mabati yale mchana yalikuwa moto, usiku baridi, na hayakuwa na hata pa kujificha.

"Basi tufuge," nilisema.

Nilitegemea anicheke. Badala yake aliketi kizingitini, akanitazama kwa furaha ambayo sikuielewa. Kwetu sisi Wamatengo panya wa shamba ni mboga, tena mboga ya kumwekea mgeni: unamchemsha kwa chumvi, unamkausha, unamshushia ugali. Ndugu zake Mama, watu wa ziwani kule Liuli, walitutania kwa hilo kila walipotuletea usipa, dagaa wa kwao. Lakini kumfuga panya, kumpa jina na kumtafutia kitanda, hilo halikuwa limesikika juu wala chini. Bibi hakujali. Alinipa masharti kana kwamba ndiyo kazi aliyoifanya maisha yake yote.

"Ukikuta kiota, weka mkono chini, tulia, usiwakimbize. Anayejichimbia chini ya wenzake mwache, huyo atakufa kwa woga. Anayeuma mwache pia, utakuwa unauguza vidole. Anayekuja kukunusa, huyo ndiye. Na usichukue mmoja. Chukua majike wawili. Ukimtenga mmoja, hataishi."

Mwezi wa tatu akina mama walikuwa kwenye ngoro, mashamba yetu ya mashimo kwenye miteremko, wakifukia kwa udongo nyasi zilizopangwa miraba ili maharage yaote juu yake. Mama alipoinua lundo moja la nyasi tuliona kiota. Panya mkubwa alitimka, wakabaki watano wadogo waliokwisha kufumbua macho. Niliweka mkono, nikatulia. Mmoja alikuja, sharubu zikimtetemeka, akaninusa kidole gumba, akapanda kiganjani. Nilimpenda palepale. Nikamfunga kwenye ncha ya kanga ya Mama na kushuka naye mbio, peke yake. Shida yangu ilikuwa jino moja. Panya wa pili wa nini?

Bibi alimtazama, akatazama nyuma yangu kama kuna mwingine anakuja. Alichukua debe tupu la mafuta ya kula, akalilaza ubavu, akalitandikia nyasi kavu na vipande vya sweta la mtumba lililochakaa. Kisha akachukua kisu, akaenda kwenye dirisha lake jipya, akakata kipande cha waya wa mbu cha kufunika mdomo wa debe. Ndani tuliweka kifuniko cha soda chenye maji, pumba, kipande cha kiazi, na gunzi la mahindi la kutafuna ili meno yasizidi. Debe likaingia chini ya kitanda chake.

Nilimwita Sista, kwa sababu akishika punje alikutanisha mikono kifuani kama anasali. Lakini Sista hakula. Siku ya pili alikuwa amejikunja pembeni, manyoya yamemsimama, na nilipoingiza kidole hakuja kunusa. Nikaogopa. Nilikuwa nimeshaacha kufikiria jino. Nilichotaka ni asife.

"Amepata nyumba nzuri," alisema Bibi, akiwa amechuchumaa karibu yangu. "Chakula kipo, paka hayupo. Sasa muulize kama anaitaka."

Alfajiri nilirudi shambani. Kiota kilikuwa kimehamishwa. Nilipekua nyasi mpaka jua likawa utosini, na akina mama wakawa wananiuliza kama nimeposwa huko kwa panya mpaka nahangaika hivyo. Nilimpata mmoja tu, mnene kuliko Sista. Huyu hakuwa na haraka: alizunguka mkono wangu wote, akaukagua, ndipo akaja kunusa. Bibi aliwasugua wote wawili kwa nyasi za kiota kile kile ili wanuke harufu moja, kisha akawaweka pamoja. Mgeni alimkamata mwenzake, akamkandamiza chini na kuanza kumlamba masikio kwa nguvu, kama mama anayemwandaa mtoto kwenda kanisani. Kabla ya chakula cha mchana Sista alikuwa anakula. Baadaye wakalala wamebebana. Mgeni tukamwita Mama Mkuu, na jina lilimkaa.

Wiki zilizofuata ni kati ya zile ninazozikumbuka kwa raha kuliko zote za utoto wangu. Kila Jumamosi tulibadilisha nyasi. Jumapili walipata vichwa vya usipa, na Mama Mkuu alificha vyake kwanza ndipo akaja kudai vya Sista. Waliingia mkono mmoja wa gauni la Bibi na kutokea shingoni, naye akicheka mpaka kujishika mbavu. Jioni, akisubiri ugali, aliwatoa na kuwasimulia siku yake yote: nani alimwamkia shikamoo njiani, nani alijifanya hakumwona, mbuzi wa nani amevunja ua wa nani. Nilidhani ni mchezo anaonichezea mimi.

Baba aligundua siku alipokuja kutazama dirisha.

"Mama, huu waya umekwenda wapi?"

Chini ya kitanda kitu kikakwaruza debe. Baba aliinama, akalivuta, akabaki amepiga magoti akitazamana na Mama Mkuu.

"Mimi nimeezeka bati ili panya watoke," alisema, "ninyi mnawaingiza kwa mlango?"

"Baba Skola," alisema Bibi, "jino la mwanao limemezwa na jogoo. Unataka mkwe anayewika?"

Nilimwona Baba akijizuia kucheka, akashindwa. Lakini msimamo wake hakuuacha. "Meno yakitoka, nao watoke. Panya ni panya."

Tukakubaliana. Siku chache baadaye jino la pili liling'oka kwenye muhogo wa kuchemsha. Bibi alilisuuza, akanipa niliweke mwenyewe ndani ya debe. Mama Mkuu alilishika kwa mikono miwili, akaligeuza, akalijaribu kwa meno yake, kisha akaingia nalo kwenye nyasi.

"Amelipokea," alisema Bibi. "Sasa usichungulie mpaka Jumamosi."

Jumamosi Bibi alisafisha debe peke yake, akasema halimo. Sijui kama alilizoa na nyasi chafu, au alilitia mfukoni, au kweli panya alijua la kufanya nalo. Sikumuuliza wakati ule, na baadaye sikutaka kumuuliza. Ninachojua ni kwamba kabla maharage hayajaanza kuchanua nilipitisha ulimi asubuhi moja nikakuta ukingo mkali, na wa pili kando yake. Nilikimbia uani nikipiga kelele. Mama alinishika kidevu akanielekeza kwenye jua, Baba naye akaja kutazama, akacheka kwa sauti kubwa. Shuleni nilisoma ukurasa mzima wenye "s" bila kuambiwa.

Ahadi ni ahadi. Tuliwapeleka Sista na Mama Mkuu shambani, mimi na Bibi, nikaweka debe chini kwenye nyasi. Walitoka pamoja, wakasimama kidogo, wakatoweka. Niliona huzuni ya dakika chache tu. Nilikuwa na meno, nilikuwa na wenzangu wa kuruka nao kamba, na panya walikuwa wamemaliza kazi yao.

Kwa Bibi hawakuwa wamemaliza. Siku zile alisema mdomo unamwia mchungu, akarudisha ugali nusu. Mama akamchemshia dawa. Jioni ya tatu nilipita nje ya mlango wake, nikasikia anazungumza, nikaingia nione mgeni. Hapakuwa na mtu. Alikuwa ameketi kitandani, mikono mapajani, akaona haya kama mtoto.

"Nilikuwa nasali," alisema.

Sala za Bibi nilizijua zote, kwa Kimatengo na kwa Kiswahili. Hakuna iliyokuwa na habari za mbuzi kuvunja ua. Nilisimama pale mlangoni, nikatazama chumba kile safi, kitanda kimoja, kiti kimoja, na dirisha ambalo Baba alikuwa amekwisha kulitengeneza. Nilikwenda chumba tulicholala watoto, nikakunja mkeka wangu na blanketi.

Baba alinikuta kwenye korido. "Unahamia wapi?"

"Kwa Bibi."

Alitazama mlango wa mama yake. Kisha akanipokea blanketi, akanibebea mpaka ndani, akalitandika sakafuni yeye mwenyewe. Bibi alitutazama wote wawili bila kufumba macho.

"Mke mwenzangu," alisema hatimaye, "ukikoroma nakurudisha."

Nikampa habari za shule kuanzia kengele ya asubuhi, na aliuliza maswali kila nilipopumua. Yeye ndiye aliyekoroma kwanza. Asubuhi alikula ugali wake wote, akaomba na wangu.

Nililala chumba kile mpaka nilipomaliza darasa la saba. Baba naye alianza kupitia pale kila jioni, mwanzoni akisingizia kukagua bawaba za mlango, baadaye bila kusingizia chochote. Bibi alifariki nikiwa sekondari, akiwa mzee aliyeshiba siku zake, na hadithi zake nyingi ninazozijua nilizipata nikiwa nimelala chali sakafuni kwake.

Meno yangeota hata bila panya. Siku hizi hilo nalikubali, ingawa mwanangu aking'oka jino nahangaika bado kutafuta pa kulipeleka. Kinachonirudia ni jambo jingine. Tulimpa mtu chumba kizuri, akashukuru, tukadhani tumemaliza. Alihitaji kiumbe mmoja tu wa kumwambia siku yake ilivyokwenda. Tulikuwa saba katika nyumba ile, na kazi hiyo tuliwaachia panya.