Tone la Zebaki Lisipotee

Baba yangu alikuwa mkamuaji wa zebaki, na katika machimbo madogo ya upande wetu wa Geita hakuna aliyepoteza kidogo kuliko yeye. Najua wapo watakaobisha. Wabishe.

Wachimbaji walimletea mchanga wao mweusi uliokwisha kuchekechwa kwenye karai, pamoja na zebaki yao ndani ya kichupa. Kabla ya kuigusa, baba alifunga uzi kwenye kichupa, usawa wa pale zebaki ilipofikia, mwenye mali akiona. Kisha aliichanganya na mchanga, akausugua mpaka zebaki ikainasa dhahabu yote, akausuuza mchanga ukaenda zake. Iliyobaki aliimimina kwenye kipande cha marekani na kuikamua. Zebaki ilichuruzika ikapita, dhahabu ikabaki kitambaani, donge jeupe dogo kama punje ya mtama.

Wengine walikamua kwa kitambaa kikavu, nusu ya vitone ikanasa kwenye nyuzi. Baba alikilowesha kwanza. Alikikamulia ndani ya bakuli la maji ili vitone visiruke, na vilivyotawanyika alivikusanya kwa unyoya wa kuku, taratibu, kama mtu anayemwamsha mtoto. Alipoirudisha zebaki kichupani, ilisimama karibu kabisa na uzi.

Mama alikuwa akimtania. "Baba watoto, ungeipima samli yangu hivyo, tungekuwa mbali."

"Samli yako nailamba," baba alijibu. "Hiyo haipotei."

Nilirudi kwa wazazi wangu miaka ya hamsini, ndoa yangu ilipovunjika kwa sababu sikuzaa. Baba hakuniuliza neno. Alinionyesha pa kulala, akaniambia, "Mayu, kuni zile pale." Mayu kwetu Usukumani ni mama, na baba alipomwita binti yake hivyo, binti alijua bado ana kwao. Nilikata kuni nikilia, na sikuona aibu.

Kazi ya mwisho ilikuwa kulichoma lile donge. Zebaki iliyojificha ndani yake huondoka kwa moshi, dhahabu ikabaki na rangi yake ya njano. Watu walichomea nje, moshi ukapotea hewani, na jambo hilo baba hakuweza kulivumilia. Yeye alichomea ndani. Aliliweka donge juu ya kipande cha bati, akalifunika kwa bakuli lenye kitambaa cha maji mgongoni, na moshi ulipokutana na ule ubaridi uligeuka vitone tena, akavikwangua. Mtu mwingine yeyote angesema basi, vimekwenda. Upepo ndio uliokuwa adui yake, kwa hiyo alifunga mlango, akaziba dirisha kwa gunia, akainama pale mpaka kazi iishe. Mimi na mama alitutoa tukapikie nje ili tusimfungulie upepo. Nadhani ndiyo maana niko hai hadi leo.

Ugonjwa ulianza kwa mate mengi na fizi kutoka damu. Kisha ikaja hasira, kwa mtu aliyekuwa mpole kiasi kwamba hasira zangu zote nimezirithi kwa mama. Mikono ilifuata. Ilitetemeka kidogo tu, hasa aliposhika kitu chepesi, na kazi yake yote ilikuwa ya vitu vyepesi.

Majirani walisema anakunywa gongo. Baba yangu hakuwahi kuonja hata togwa iliyochachuka. Nilimfuata mmoja wao kisimani nikamwambia niliyomwambia, na sijuti. Wengine walisema amelogwa, mama akapeleka kuku kwa mganga kule Masumbwe, mganga akabaki na kuku. Baba mwenyewe alisema ni baridi imemwingia mifupani. Akasogea karibu zaidi na moto, na nyufa za mlango akaziba kwa mavi ya ng'ombe.

Miaka mingi baadaye, nikimuuguza ndugu hospitalini, niliambiwa kwamba moshi wa zebaki ni sumu, na kwamba hula fizi, akili na mikono. Nilitoka nje nikakaa chini. Sisi tuliogopa upepo, kumbe upepo peke yake ndio ungemwokoa.

Lakini wakati ule hatukujua. Tuliona tu zebaki ikisimama chini ya uzi, kila mara chini zaidi, na wachimbaji wakipungua mlangoni. Wa mwisho alikuwa rafiki yake wa tangu ujana. Siku hiyo nilimshika baba vifundo vya mikono, tukakamua pamoja, na bado kitambaa kilimponyoka. Zebaki ikamwagika sakafuni, ikaingia kwenye nyufa za udongo. Baba akapiga magoti na unyoya wake, unyoya ukitikisika, vitone vikikimbia.

"Acha, ndugu yangu," rafiki yake alisema. "Imetosha."

Hakurudi tena, wala simlaumu.

Baadaye tulisikia kwamba kazi ameichukua kijana mmoja aliyeoa juzijuzi. Nilitegemea baba atatukana. Aliniita, akasema kwa shida, kwa kuwa ulimi nao ulikuwa umeanza kumtetemeka.

"Nenda kwa huyo kijana. Mwambie akiloweshe kitambaa kwanza. Akamulie ndani ya maji. Na kuchoma, achomee ndani, mlango aufunge kabisa. Asije akapoteza mali za watu."

Nilimkuta uani, amechutama juu ya moto wake. Mkewe alikuwa kando akimenya viazi, mimba yake imeshaonekana.

"Shikamoo, dada," alisema, akanisikiliza hadi mwisho. "Mwambie mzee nimeshukuru sana. Mwingine angeondoka na ujuzi wake."

Akainuka, akabeba bati lake na makaa, akaingia ndani. Mkewe akachukua viazi vyake akamfuata. Nilisikia wakiufunga mlango.

Nilirudi nikamwambia baba kwamba kijana amefanya vilevile alivyoagizwa. Baba akatabasamu. Hatukuwa tumeliona tabasamu lake kwa muda mrefu, na mama aliniita pembeni akanishukuru.