Picha Niliyoifuta Mugoma

Nimepiga picha misiba ya Mugoma na vijiji vya jirani kwa miaka mingi, na watu hawajaacha kunitania kwamba mimi ni kufa kufaana. Nikipita barabarani Benaco, ambako nina kibanda changu cha picha, hakosi mtu wa kuniambia, "Leo hatujafa, rudi kesho." Nacheka. Moyoni huwa nimekasirika, maana hao hao ndio hunipigia simu mapema wakifiwa.

Kazi yenyewe ina taratibu zake. Familia hupangwa kuzunguka jeneza, wakubwa katikati, watoto mbele, na kila mtu anakaza uso. Hakuna anayelia kwenye picha hiyo; aliyekuwa akilia hupewa muda wa kujifuta. Ndiyo picha wanayoisafisha na kuitundika ukutani. Mimi siipendi hata kidogo. Napenda zile ninazoiba: mjane anayefunga kilemba upya kwa sababu hajui mikono aipeleke wapi, mzee aliyeshika kofia kifuani hata baada ya sala kwisha. Hizo hakuna anayezitaka. Wananiambia nimewapiga vibaya.

Katika picha zangu za kuiba kulikuwa na mgongo mmoja uliojirudia. Ulikuwa wa kijana mchimba makaburi. Hakuna aliyemwajiri, alikuwa na mkono mwepesi wa sururu, ikawa mazoea kwamba akifa mtu anaitwa yeye na wenzake. Wachimbaji wakimaliza huenda nyuma ya nyumba kunawa na kula kabla ya wengine, kwa hiyo familia inapopangwa kwa picha hawapo. Hata kwenye misiba ya ndugu zake mwenyewe hakuwahi kusimama mbele ya kamera yangu.

Siku tuliyomzika mwalimu mmoja mstaafu, nilisimama ukingoni mwa kaburi kabla jeneza halijaletwa. Kijana yule alikuwa ndani, ardhi inamfika kifuani. Akainua uso ghafla. Jua lilimpiga sawasawa, kope zimejaa udongo mwekundu, akanitazama bila kujiandaa. Nikabonyeza. Nilijua papo hapo kwamba sijawahi kupiga picha nzuri kama ile, na hadi leo sijabadili mawazo.

Alipopanda juu alinifuata akipangusa mikono kwenye suruali.

"Kaka, naomba uifute hiyo."

"Imetoka vizuri sana. Itazame kwanza."

"Sitaki kuitazama. Mtu aliye hai hapigwi picha akiwa kaburini. Ni kumzoesha shimo."

Nilibishana naye. Nilimwambia huo ni ushamba, nikaona aibu kidogo baada ya kusema. Hakupandisha sauti. Alisimama pale mpaka nikaifuta mbele ya macho yake, akahakikisha imefutika, akanishukuru, akaenda kula. Nilinuna siku nzima.

Baadaye alikwenda Nemba, wilaya ya Biharamulo, kufanya vibarua kwenye mashamba ya Wasukuma waliohamia huko. Kutoka shambani akavutwa na dhahabu. Duara, ndivyo wachimbaji wanavyoliita shimo lao, lilimfukia pamoja na simu yake. Walimtoa siku ya tatu, wakamleta Mugoma katika jeneza lililopigiliwa misumari, na wazee wakasema lisifunguliwe. Wenzake walichimba kaburi. Niliipiga picha familia ikiwa imekaza nyuso kama kawaida. Siku hiyo sikuiba hata picha moja.

Mwezi haukuisha, mama yake akaja kibandani kwangu. Mgongoni alimbeba mtoto wa marehemu, ambaye hajaanza kutembea. Mke wa kijana alikuwa amerudi kwao, ng'ambo ya mpaka, akamwacha mtoto kwa bibi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimefuata picha ya kijana wangu."

Hakuwa na hata moja. Zote zilikuwa kwenye ile simu. Kwenye kitambulisho cha taifa kijana alikuwa amepewa namba tu, kadi haijafika.

"Wewe ulikuwa naye kila msiba," akasema. "Huwezi kukosa."

Nilimkalisha kwenye kiti cha picha za pasipoti, nikafungua kompyuta. Tulipekua msiba baada ya msiba. Mgongo. Kisogo. Mikono kwenye mpini wa beleshi. Kila alipouona mgongo alisema taratibu, "Ndiye huyo," nami nikaharakisha kwenda kwenye picha inayofuata. Kufikia mchana zikaisha. Mtoto alikuwa amelala.

Ningeweza kunyamaza, asingejua. Nikamweleza ile niliyoifuta, na aliyeniomba niifute, na kwa nini. Nilitegemea anilaumu. Kusema kweli nilitaka anilaumu, nione nafuu.

"Alifanya vizuri kukataa," akasema.

Halafu akazungumza Kihangaza, kwa sauti ya chini, kama mtu anayejisemea. Mimi ni wa kuja, sikumpata vizuri. Akarudia kwa Kiswahili.

"Uso wake unanipotea. Nikifumba macho anakuja yule mdogo, wa kuchunga mbuzi. Huyu mkubwa simpati. Na huyu mtoto iko siku ataniuliza baba yake alikuwaje. Wewe alikutazama. Niambie."

Nikafumba macho. Nikaliona jua na upande lilikotokea. Nikauona ukingo wa kaburi ulivyomkata kifuani, na udongo kwenye kope, ya kushoto zaidi kuliko ya kulia. Pua yake sikuiona. Mdomo wake sikuuona. Nilijitahidi mpaka kichwa kikauma. Nilikuwa nimemtazama mtu yule, na nilichokiona ni mwanga.

"Kope zake zilikuwa na udongo," nikasema. "Udongo mwekundu."

Akasubiri niendelee. Mtoto akajigeuza mgongoni, naye akamweka vizuri na kukaza kanga.

"Udongo naujua, mwanangu," akasema. "Nieleze uso."