Ukucha wa Shemeji

Shemeji yangu alikuwa fundi mwashi kwa miaka arobaini, nasi tulimwita Kucha. Siku ya saba baada ya zege kumwagwa, aliikwaruza nguzo kwa ukucha mrefu wa kidole gumba alioufuga kwa kazi hiyo. Ikibaki alama, nguzo ilivunjwa. Hakuna aliyebishana, maana enzi hizo mtu aliaminiwa kwa mikono yake.

Kisha binti yake, mhandisi, akapewa kazi ya kujenga shule katika mji wetu unaotikiswa na matetemeko. Aliziunga nguzo kwa mihimili ya mshazari ili jengo lisiyumbe. Saruji akaipunguza nusu, akaweka majivu ya makaa ya mawe, akisema utengenezaji wa saruji unachafua hewa.

Siku ya saba Kucha, aliyewasimamia mafundi, akakwaruza. Ukucha ukazama.

"Vunjeni! Huu ni uji, si zege. Watoto wa watu wasomee humu?"

"Baba, majivu hushika polepole. Nipe siku hamsini na sita."

"Unajenga au unaatamia mayai?"

Mafundi wakacheka, nyundo mikononi, wakingoja neno lake la mwisho. Kucha alijua wakivunja, binti yake hatapewa kazi tena. Akawaambia waweke nyundo chini.

Siku ya hamsini na sita alikwaruza palepale mbele ya binti yake. Ukucha ukakatika.

"Haya, mwalimu," akasema.

Sasa zege hupimwa kwa mashine, na shemeji yangu hukata kucha zote kumi kila wiki, kama karani.